Miezi Mitatu Maktabani: Kwa Aliyeko Ughaibuni Anayetaka Kazi ya Muda Mbeya au Iringa

Kila mwaka Juni ikikaribia napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu walioko nje. "Dada, nakuja nyumbani miezi mitatu. Huku nimefanya kazi maktaba miaka minne. Naweza kupata shughuli yoyote Mbeya au Iringa?" Jibu langu ni ndiyo, ila mara nyingi si kwa njia anayoifikiria muulizaji. Anayetafuta cheo cha miezi mitatu huhangaika hadi siku ya kurudi. Anayekuja na kazi moja yenye mwanzo na mwisho, aliyoelewana na wenyeji kabla hajakata tiketi, hupokelewa kwa mikono miwili.

Mimi ni mkutubi wa nyanda hizi za juu kusini, kwanza Mbeya na sasa Iringa. Ajira zangu za mwanzo zote zilikuwa za vipande: zamu za jioni chuoni wakati wa mitihani, kuhesabu vitabu shule zikifungwa, kumshikia mtu nafasi akiwa likizo ya uzazi. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyapitia kwa miguu yangu.

Nianze na jambo lililonifunza kuliko kozi yoyote. Miaka kadhaa iliyopita shule moja ya sekondari ilipata mgeni, binti wa eneo lile lile aliyekuwa akifanya kazi ya maktaba Ulaya. Alikuja wiki tatu. Alikuwa hodari, na moyo alikuwa nao. Akaweka programu ya maktaba kwenye kompyuta yake mwenyewe, akabandika lebo za mistari kwenye vitabu karibu mia nne, akafuta namba za zamani za rejista, lile daftari kuu la vitabu vyote, zilizoandikwa kwa penseli kwa kuwa zilimchanganya. Siku ya kuondoka akaondoka na kompyuta yake. Nilipoitwa nilimkuta mwalimu wa maktaba ameshika kitabu cha biolojia chenye lebo safi kabisa, ambayo hakuna kifaa cha kuisoma pale shuleni, na namba ya rejista haipo. Tulikaa sakafuni siku sita. Tulifungua ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, tukauinamisha kwenye mwanga wa dirisha mpaka tuone mchubuko wa penseli iliyofutwa, kisha tukairudisha namba kwa wino. Yule binti simlaumu. Hakuna aliyekaa naye siku ya kwanza akamuuliza: ukiondoka, nani ataendelea na hii?

Swali hilo lijibu wewe mwenyewe, kwa maandishi, kabla hujapanda ndege.

Chagua kazi inayokwisha

Kwa muda wa wiki sita hadi kumi na mbili, kazi zinazofaa ni hizi ambazo watu hapa wanazihitaji na hawazipatii nafasi: kuhesabu vitabu vyote na kulinganisha na rejista, kuhamisha rejista ya mkono kwenda kwenye kompyuta, kupanga sehemu moja ya maktaba kwa namba za Dewey (mfumo wa kupanga vitabu kwa mada) na kubandika lebo za mgongoni, kusafisha kumbukumbu za vitabu kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba, pale chuo kinapoitumia, kuokoa vitabu vilivyoshikwa na ukungu. Chagua moja. Ukiwa na muda wa ziada utaongeza.

Chukua mfano wa lebo za mgongoni, maana ndiko wageni wengi wanakoanzia na ndiko wanakokosea. Kwa Dewey fasihi yote ya Kiswahili inaingia 896.392, na tarakimu inayofuata ndiyo inayotenga ushairi, tamthilia na riwaya. Historia ya Tanzania iko 967.8. Kama huko ulipo unatumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, umezoea kuviona vitabu vya Kiswahili kwenye PL8701 na kuendelea, kwa hiyo usije ukaanza kubadilisha mfumo wa watu. Uliza kwanza wanatumia nini, tena tembea kwenye rafu ujionee. Katika shule zetu nyingi vitabu vya kiada vinapangwa kwa somo na kidato, na mpangilio huo una akili yake: mwanafunzi wa kidato cha pili anakwenda moja kwa moja anakotaka. Vitabu vya kiada viache hivyo. Dewey ipeleke kwenye vitabu vya ziada na vya kusoma kwa starehe, ambako ndiko kwenye vurugu. Na namba ya rejista, ile iliyo kwenye mhuri wa ukurasa wa kwanza, usiiguse kamwe. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kitabu.

Ukungu nao unastahili maneno. Rungwe na Njombe mvua na baridi vinakaa ndani ya kuta, na wenye maktaba hugundua Machi kwamba rafu ya chini imeota manyoya ya kijivu. Kitambaa chenye maji hakifai, kinasukuma ukungu ndani ya karatasi. Tenga vitabu vilivyoathirika, vitoe nje penye kivuli na upepo, vikikauka vipanguse kwa brashi laini, nawe umefunga barakoa. Kisha shughulikia chanzo: sogeza rafu mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, inua ubao wa chini usigusane na sakafu, madirisha yafunguliwe mchana. Hii ni kazi ya wiki mbili, haihitaji umeme wala intaneti, na faida yake inaonekana mvua zinazofuata.

Kwa shule isiyo na Koha, usiilazimishe. Koha ni programu huria iliyozaliwa New Zealand mwaka 1999 na haina ada ya leseni, lakini inataka mtu wa kuihudumia, hifadhi ya data na umeme wa uhakika. Jedwali la kawaida la kompyuta lenye safu za namba ya rejista, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na mahali kilipo linatosha kwa miaka mingi, na siku wakihamia Koha litaingizwa humo. Liache kwenye kompyuta ya shule na nakala kwenye flashi mbili. Nenosiri liandike kwenye karatasi, libaki kwa mkuu wa shule.

Pa kubisha hodi

Maktaba za mikoa, ya Mbeya na ya Iringa zikiwemo, ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Ajira za kudumu huko zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa hiyo usitegemee mkuu wa maktaba akuajiri kwa barua yako tu. Anachoweza kukupokelea ni kujitolea au mafunzo kwa vitendo, tena kwa kibali cha ngazi za juu. Andika mapema.

Vyuo vikuu ndivyo vyenye kazi za zamu. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), Teofilo Kisanji cha Wamoraviani, Chuo Kikuu Katoliki na kampasi ya Mzumbe. Iringa kuna chuo cha elimu cha Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT, yaani Walutheri, na Ruaha cha Wakatoliki. Muombe mkutubi mkuu wa chuo, siyo ofisi ya rasilimali watu peke yake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua rundo lililolala chumba cha nyuma.

Lakini kwa mtu wa miezi mitatu, mlango rahisi kuliko yote kwa maoni yangu ni shule binafsi na seminari. Uamuzi unatoka kwa mkuu wa shule na bodi yake, na mara nyingi mwalimu wa maktaba ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake kamili, anayefungua mlango saa ya mapumziko ya mchana. Huyo ukimwambia umekuja kumsaidia, utaona uso wake.

Kalenda

Wanaokuja Desemba hukuta milango imefungwa. Shule zinaanza mwaka Januari na kumaliza Desemba mwanzoni, kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, kidato cha sita Mei. Vyuo vikuu vinaanza mwaka wa masomo Oktoba au Novemba. Agosti na Septemba maktaba za vyuo zimetulia, na huo ndio wakati wa kuhesabu na kupanga. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo ukitaka taasisi ya umma ikuwekee hata posho, barua yako ifike miezi mingi kabla ya hapo. Na Juni na Julai ubebe sweta. Watu waliozoea theluji hudharau baridi ya Mbeya, kisha wanashangaa kwamba ndani ya nyumba hakuna kipasha joto.

Karatasi

Hapa naomba usome taratibu.

Kama bado una pasipoti ya Tanzania, unahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi), basi. Kama ulichukua uraia wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima, Tanzania haitambui uraia pacha, kwa hiyo mbele ya sheria ya ajira wewe si raia, hata kama kaburi la babu yako liko Tukuyu. Inauma, najua. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inataka kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na cha ukaazi kinatoka Uhamiaji. Viza ya matembezi hairuhusu kazi, na kujitolea nako huhesabiwa kuwa kazi. Ndugu zangu Wakenya na Waganda, nanyi mnahitaji kibali. Taasisi inayokupokea iwaulize Uhamiaji na ofisi ya kazi kabla ya tiketi, na ikupe jibu kwa barua.

Shahada ya nje itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na stashahada uulizie NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kwa kazi ya wiki nane shuleni huenda hakuna atakayeulizia, ila chuo kitauliza, na utambuzi huchukua muda. Barua ya mwajiri wako wa huko isiishie kusema wewe ni mchapakazi. Itaje saa zako kwa wiki, ulichokuwa unakifanya kwenye kaunta, na mfumo uliotumia. Vyeo vya maktaba za kule haviko hapa, kwa hiyo eleza kazi yenyewe: nilirudisha vitabu rafuni, niliandikisha wanachama, nilisahihisha kumbukumbu.

Mkataba usiukose hata kama malipo ni nauli na chakula cha mchana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mkataba usio na ukomo, wa muda maalumu na wa kazi maalumu. Huu wa tatu ndio wako. Andikeni kipimo: vitabu vipi, mpaka wapi, nani anafundishwa kuendelea, mali ya kumbukumbu ni ya nani. Saa za kawaida kisheria hazizidi 45 kwa wiki. Ukilipwa mshahara, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi vinahusika, uliza vimeandikwaje.

Malipo ni madogo. Usilinganishe na huko.

Kama bado hujaanza

Wapo wanaosoma nje ambao hawajawahi kukaa upande wa pili wa kaunta. Anza na maktaba ya chuo chako. Marekani mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki ndani ya kampasi wakati wa masomo. Uingereza mwanafunzi wa shahada naye kwa kawaida ana saa 20 wakati wa muhula. Nafasi ya kupanga vitabu haidai shahada ya ukutubi, ingawa Marekani kuitwa mkutubi kwa kawaida kunataka shahada ya uzamili. Ukipewa zamu ya kupanga rafu usiione ndogo. Mtu aliyepanga rafu mwaka mzima anakijua kitabu kilichopotea kwa kuangalia tu nafasi iliyobaki.

Na kama safari haiwezekani, upo muda wa saa nne kila Jumamosi. Chuo chenye Koha kinaweza kukufungulia akaunti yenye mipaka ukasahihisha majina ya waandishi yaliyoandikwa kwa namna tatu tofauti, ukiwa huko huko Minneapolis au Leeds. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache, maana umeme ukikatika huku seva inazima.

Siku ya kwanza

Usiende maktaba. Nenda ofisi ya mkuu wa shule, usubiri kwenye benchi, umpe shikamoo aliyekuzidi umri hata kama ni mlinzi. Ukiwa Iringa, "kamwene", salamu ya Kihehe, inafungua mengi. Ukikabidhiwa kwa mwalimu wa maktaba, mwombe akutembeze yeye, rafu kwa rafu, nawe ukae kimya. Atakuonyesha sanduku la misaada lisilofunguliwa, kiti kilichovunjika, na lile daftari la kuazimisha lenye mwandiko wa wanafunzi waliokwisha kumaliza. Muulize: Mwalimu, kati ya vyote hivi, kipi kinakuchelewesha zaidi kila siku? Alichokujibu ndicho uandike kwenye mstari wa kwanza wa mkataba, hata kama ulikuja na mpango mwingine mkobani.