Kupima mbio za kuogelea baharini mpaka zikubalike

Binti wa dada yangu aliogelea mita 100 katika ghuba ya Mikindani kwa dakika 1 na sekunde 14. Nikapeleka muda wake kwa waandaaji wa mashindano, wakaukataa: eti bahari ilimsukuma. Mtoto alilia. Nami sikuwa na cha kuwaonyesha, maana umbali niliupima kwa hatua na saa ilikuwa moja tu, ya simu yangu.

Usiku ule nilimhadithia habari za mwogeleaji Duke Kahanamoku wa Hawaii, aliyekulia baharini Waikiki kama yeye alivyokulia hapa. Agosti 1911, katika bandari ya Honolulu, Duke aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4, akaipita rekodi ya dunia kwa sekunde 4.6. Wakubwa wa michezo Marekani bara wakakataa. Wakatilia shaka saa, wakausingizia na mkondo. Mwaka 1912 akaenda Stockholm, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 100, na 1920 akaichukua tena Antwerp.

Basi mzazi mwenzangu, pima hivi.

Chagua siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, tarehe 7 au 8 ya mwezi mwandamo, ama 21 na 22. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, usijisumbue. Subiri maji yajae, yasimame, kisha weka kifuu cha nazi majini. Kikitulia, anza, kikisafiri, ngoja.

Kamba ndiyo kazi hasa. Ya katani ikilowa hunywea, kwa hiyo iloweke usiku kucha, uikaze mchangani ikiwa mbichi, ndipo upime mita 50 kwa tepu ya mafundi ujenzi. Mimi hufunga kitambaa chekundu kila mita 5. Miisho yote miwili fungia dumu tupu la kuelea na jiwe la nanga.

Mtoto aende mita 50 na kurudi, na kila upande uandikwe peke yake. Siku nyingine aanzie dumu la pili. Mkondo ukiwepo, hesabu zitausema.

Tafuta saa tatu na watu watatu, mmoja asiwe ndugu yenu. Kila mtu aandike muda wake kabla ya kusikia wa mwenzake; ule wa katikati ndio unaohesabika. Mtumbwi ukae karibu na mwogeleaji, ndani yake mtu anayejua kuokoa.

Sanamu ya Duke iko Waikiki, na watu huivika mashada ya maua hadi leo. Imeipa bahari mgongo, na wengi walilalamika kwamba Duke hakuwa na tabia hiyo. Nawaelewa kabisa. Mwaka 1925 huko California aliwaokoa watu 8 kwa ubao wake chombo kilipopinduka, kwa sababu macho yake yalikuwa majini. Kwa hiyo mpima saa naye asimame akitazama bahari, simu nyingine zote zikae mfukoni.

Tumeshapima mara tatu. Daftari lina saini tisa, na binti ameshuka hadi dakika 1 na sekunde 11.