Somo: Mtengeneze mgonjwa wa kwenye kompyuta

Wadau, wodini wanafunzi wa udaktari kumi na watano huzunguka kitanda kimoja. Mmoja anauliza, kumi na wanne wananakili. Kwenye kompyuta kila mmoja anaumizwa kichwa na mgonjwa wake mwenyewe.

Hatua ya 1. Chagua kisa cha hapahapa. Wangu ni mama wa miaka 34, ana genge la mboga Temeke, homa siku ya nne, macho yanauma kwa nyuma, kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Ni dengi. Dar ililipukiwa nayo 2014 na tena 2019, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni ugonjwa wa vitabuni.

Hatua ya 2. Pakua Twine, programu ya kuandika hadithi ambazo msomaji huchagua njia, ni ya bure. Kila kisanduku ni ukurasa, kila chaguo ni linki ya kwenda kisanduku kingine. Mwishoni unapata faili moja linalofunguka hata kwenye simu, bila bando.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kwenye kazi. Usimwage habari zote mwanzoni. Mama aseme tu: "Daktari, mwili wote unavunjika, nimemeza vidonge vya maumivu vya duka la dawa." Anyamaze. Vidonge gani? Asiyeuliza hatajua kuwa ni ibuprofeni, ambayo kwa mwenye dengi inaongeza hatari ya kutokwa damu.

Kabla ya kila jibu la maabara, mwanafunzi aandike daftarini, kwa kalamu ya wino, magonjwa matatu anayoyashuku na sababu zake. Hili msiliruke. Malaria ikikosekana wengi hukimbilia taifodi bila hata kumuuliza mama jambo jipya, na wino haufutiki.

Hatua ya 4. Siku ya tano homa inashuka. Weka chaguo la "Ruhusu aende nyumbani". Wanalibonyeza wakichekelea! Wangemuuliza, angesema tumbo linamuuma tangu usiku na anatapika kila saa. Kwenye dengi, homa ikishuka ndipo hatari inapoweza kuanza.

Hatua ya 5. Fungueni madaftari, mjadiliane.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Si tutaacha kwenda wodini?
– Marahaba. Kompyuta haina tumbo la kuminya. Wodi iko palepale.

– Mwalimu, wangu wanabonyeza vipimo vyote mpaka jibu litokee.
– Weka bei. Mama wa kisa changu ana shilingi 30,000 tu kwenye kanga. Ukizimalizia kwenye taifodi, ya kupima dengi utaikopa wapi?

– Dokta, naruhusiwa kutumia faili la mgonjwa wangu wa kweli?
– Usilinakili, wala usiweke picha yake. Huyu wangu nimemuunga kwa vipande vya wagonjwa wengi. Genge ni la jirani yangu, naye hajaumwa hata mafua.