Jinsi Ninavyopima Kama Sabuni Yangu Inawasha Ngozi

Mwaka wangu wa pili wa kutengeneza sabuni ya maji hapa Kariobangi, nilimuuzia mama mmoja muosha vyombo wa hoteli jerikeni ya lita 20. Kabla ya kumuuzia nilikuwa nimeipima, au nilidhani nimeipima: tone moja mgongoni mwa mkono, dakika kumi, hakuna kitu, basi. Wiki tatu baadaye alirudi, akaweka mikono yake juu ya kaunta, viganja juu. Ncha za vidole zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na katikati ya vidole ngozi imechubuka.

Hakunigombeza. "Dada," akasema, "hii sabuni yako inatoa mafuta kwa sahani vizuri sana. Sasa imemaliza ya sahani, imeanza yangu."

Usiku huo niliipima ile iliyobaki kwa karatasi ya pH, ile inayoonyesha kama kitu ni asidi (chini ya 7) au alikali (juu ya 7), ikasoma kati ya 10 na 11. Kostiki soda, ile alikali kali tunayotengenezea sabuni, ilikuwa imezidi. Hilo ni kosa la mkono wangu, na linarekebishika. Kilichonisumbua zaidi ni kile kipimo changu: mimi niliweka tone kwa dakika kumi, na yeye mikono yake inashinda ndani ya beseni kutwa, siku sita kwa wiki. Hata kama pH ingekuwa sawa, kipimo hicho kisingenionyesha chochote.

Nawaandikia wenzangu wanaochanganya sabuni, shampuu na losheni nyumbani. Utaratibu huu ni wa bidhaa iliyokwisha kutengenezwa na kuzimuliwa. Malighafi kama asidi ya salfoniki, kostiki soda na fomalini (dawa ya kuzuia sabuni isioze) hazipimwi kwenye ngozi ya mtu, hata kwa sekunde. Jibu lake lilishajulikana zamani.

Hatua ya 1: Soma kabla hujagusa

Kila kemikali unayonunua inapaswa kuwa na lebo, na muuzaji anapaswa kukupa karatasi ya usalama ukimwomba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kemikali hatari ziwekewe alama na maelezo. Najua mjini mambo yalivyo: unapimiwa lita mbili kutoka kwa pipa, unafungiwa kwa chupa ya soda, unaenda zako. Basi omba kupiga picha lebo ya pipa lenyewe. Muuzaji akikataa, mimi huhama duka.

Kuna picha mbili za kutafuta. Mkono unaoliwa na tone linaloanguka maana yake ni kitu kinachounguza, kinachoharibu ngozi isirudi ilivyokuwa. Alama ya mshangao ni onyo la jumla ambalo mara nyingi huwa la kuwasha: ngozi huvimba au huwa nyekundu, lakini hupona. Kwenye karatasi ya usalama, fungua sehemu ya 2 kwa hatari, ya 4 kwa huduma ya kwanza, na ya 11 kwa yale yaliyopatikana kwenye vipimo vya sumu. Mara nyingi utakuta mtu alishapima kile ulichokuwa unataka kupima wewe.

Hatua ya 2: Karatasi ya pH

Sabuni nzito huidanganya karatasi, kwa hiyo chukua sehemu moja ya sabuni, uichanganye na sehemu tisa za maji yaliyochemshwa yakapoa. Chovya, kisha ulinganishe rangi kwenye mwanga wa mchana. Usilinganishe chini ya balbu ya manjano.

Ngozi yenyewe iko karibu na 5. Sabuni ya maji ya vyombo mimi naitaka kati ya 6 na 8. Sabuni ya kipande huwa 9 hadi 10 kwa asili yake, usiishangae. Kumbuka pia kwamba ngazi hizi hazipandi kama za nyumba: kutoka 7 hadi 10 alikali imeongezeka mara elfu moja. Maabara duniani kote, kitu kikisoma 2 au chini, au 11.5 na kuendelea, hudhaniwa kuwa kinaunguza na hakijaribiwi tena kwenye ngozi. Na wewe hapo ndipo unaposimama. Ikiwa juu kidogo, ongeza maji ya asidi ya sitriki kijiko kwa kijiko ukikoroga na kupima tena. Ikiwa chini, ongeza soda ash, hii yetu inayotoka Magadi, iliyoyeyushwa vizuri kwanza.

Hatua ya 3: Mkono wa nani?

Anza na wako. Ukitaka wengine, waeleze kilichomo, uwaonyeshe utakachofanya, na wajue wanaweza kubandua wakati wowote bila kuulizwa. Mfanyakazi wako usimwombe. Atakubali, lakini amekubali kwa sababu ya mshahara.

Watoto hapana, wajawazito hapana, wenye ukurutu au kidonda mahali hapo hapana. Uliza pia, kwa adabu na faraghani, kama mtu anapaka dawa yenye steroidi. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa kimyakimya zina steroidi, na hiyo huficha mwako: ngozi itakuonyesha iko salama huku imepoozwa tu.

Hatua ya 4: Maji kwanza

Jaza jerikeni ya lita 20 na uiweke karibu, na kikombe juu yake. Sisi tunaoishi kwa zamu ya maji tunajua kwa nini. Kitu kikianza kuchoma unahitaji maji yanayotiririka juu ya ngozi kwa dakika 15 hadi 20, na si wakati wa kugundua kwamba leo si siku yenu. Usimwagie siki wala ndimu kwa nia ya kuua alikali. Maji tu, mengi.

Hatua ya 5: Viraka vitatu

Sabuni haifunikwi kwenye ngozi ikiwa nzito. Sabuni yoyote, hata ile ghali ya duka kubwa, ukiifungia hivyo itawasha, na utatupa mchanganyiko mzuri bure. Pima mililita 10 za sabuni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kutoka kwa kemisti, utie ndani ya lita moja ya maji. Losheni, kwa kuwa haioshwi, hupimwa ilivyo.

Kata gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, vipande vitatu vya sentimita 2 kwa 2. Cha kwanza kichovye kwenye maji matupu. Cha pili kwenye sabuni ya duka uliyoizoea, iliyozimuliwa vivyo hivyo. Cha tatu kwenye yako. Vikamue visichuruzike, uvipange upande wa ndani wa kigasha, vikiachana upana wa vidole vitatu, na ubandike plasta. Andika 1, 2, 3 kwa kalamu kando ya kila kiraka.

Watu hupenda kuruka hivi viwili vya kwanza. Usiviruke. Mwanzoni nilikuwa nabandika kimoja tu, na jirani yangu aliyenisaidia akaja jioni akijikuna. "Dada, kinachoniwasha ni sabuni ama ni hii plasta?" Sikuwa na jibu. Tuliporudia na viraka vitatu, hata kile cha maji matupu kilikuwa na mstari wa mwako mahali gundi ilipogusa. Ilikuwa plasta.

Hatua ya 6: Muda

Dakika 30 kwanza. Bandua, angalia. Kama kuko shwari, siku inayofuata ubandike saa nzima mahali pengine. Kukiwa shwari tena, siku ya tatu ubandike kwa muda wa saa 4, uishie hapo. Ukihisi kuchoma wakati wowote, bandua na uoshe. Hakuna zawadi ya kuvumilia.

Baada ya kile cha saa 4, suuza kwa maji, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha soma ngozi baada ya saa 1, 24, 48 na 72.

Hatua ya 7: Kusoma ngozi yetu

Hapa ndipo miongozo mingi ya mtandaoni inatuacha njiani. Inasema tafuta wekundu. Vipimo vya zamani vya kuwasha ngozi vilitokana na kazi ya Mmarekani John Draize na wenzake mwaka wa 1944, kwa kutumia sungura, na alama zake za wekundu huenda kutoka 0 hadi 4. Juu ya sungura mweupe aliyenyolewa, wekundu unauona ukiwa mlangoni. Juu ya mkono wangu, mweusi wa kutosha, namba 1 ya Draize haionekani kabisa, na namba 2 huonekana kama kivuli cha zambarau au kijivu ambacho ukiwa na haraka utasema ni alama ya plasta.

Kwa hiyo mimi husoma kwa mambo manne. Kwanza vidole: funga macho, upitishe mgongo wa kidole polepole kutoka ngozi safi hadi penye kiraka, uone kama pana joto au pameinuka. Pili, mwanga wa pembeni: simama dirishani asubuhi, uinamishe mkono hadi mwanga upite juu yake kama jua la jioni juu ya shamba. Uvimbe mdogo na vipele hutoa vivuli. Tatu, mng'ao: mahali palipokauka hupoteza mng'ao na kuwa na vumbi jeupe, hata kama hapaumi. Nne, muulize mwenye mkono, lakini usimuulize "Kunawasha?" kwa sababu atajibu unachotaka. Muulize "Unasikia nini hapo?"

Piga picha, mahali pale pale, saa ile ile. Weusi unaobaki wiki kadhaa baada ya mwako kuisha ni jambo la kawaida kwenye ngozi zetu. Uandike, maana mteja ataulalamikia kuliko mwako wenyewe.

Kisha tofautisha kuwasha na aleji. Mwako wa kuwasha huja mapema, unachoma zaidi kuliko kunyegeza, mipaka yake inafuata kiraka kama ulipigwa mhuri, na kufikia saa 72 kwa kawaida unafifia. Aleji huja kwa kuchelewa, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, inanyegeza sana, inavuka mipaka ya kiraka na kuzidi badala ya kupungua. Ukiona ya pili, mshukiwa wangu wa kwanza ni fomalini, na manukato yanafuata. Mtu huyo asirudiwe kupimwa nyumbani. Aende kwa daktari wa ngozi na orodha ya ulivyotia. Malengelenge ni ya daktari pia, bila kungoja saa zozote.

Hatua ya 8: Wiki nzima

Hiki ndicho kipimo ambacho kingeokoa mikono ya yule mama. Sabuni huwasha kwa kurudiarudia: kila mara inapoondoa mafuta ya ngozi kidogo, na ngozi haijapata nafasi ya kuyarudisha, inaondoa tena. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya tano kiganja kinakwaruza shuka.

Tia mabeseni mawili, moja maji ya sabuni kwa kiwango cha kuoshea vyombo, lingine maji matupu. Mkono mmoja huku, mwingine kule, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, siku 7. Usipake mafuta mkono wowote wiki hiyo, na usibadilishe mikono. Losheni yenyewe paka kiasi kidogo penye mkunjo wa kiwiko, eneo la sentimita 5 kwa 5, mara mbili kwa siku, na uendelee hadi siku 14. Kukitokea mwako, simama. Umeshapata jibu lako.

Mkono wa maji matupu nao utakauka kidogo, usishtuke. Unachopima ni tofauti kati ya mikono miwili.

Maabara wanafanyaje?

Ukitaka kuuza madukani utahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na mkono wako hautachukua nafasi ya vipimo vyao. Kwa kuwasha ngozi hasa, maabara zenye vifaa siku hizi hutumia kijingozi kilichooteshwa kutoka seli za binadamu, kwa mwongozo namba 439 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi) uliopitishwa mwaka wa 2010. Kemikali huwekwa juu ya kijingozi kwa muda mfupi, inaoshwa, kijingozi kinaachwa takribani saa 42, kisha hutiwa rangi iitwayo MTT ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikiwa asilimia 50 au chini, ukilinganisha na kijingozi ambacho hakikutiwa kemikali, kitu hicho kinahesabiwa kuwa kinawasha.

Na kitu wanachotumia kama mfano wa kinachowasha, ili wajue kipimo kinafanya kazi, ni mchanganyiko wa asilimia 5 wa sodiamu laurili salfeti. Ni dawa ya povu, ndugu mkali wa ungerol tunayonunua kwa kilo kila wiki. Nilipolijua hilo niliacha kuwaambia wateja kwamba sabuni yangu "haiwashi".

Yule mama bado ni mteja wangu. Nilipunguza salfoniki, nikaongeza gliserini, na mchanganyiko hautoki kabla haujapita hatua ya 8. Kwenye jerikeni yake naandika tarehe, pH, na "kijiko 1 cha mezani kwa lita 5 za maji". Yeye hutia viwili, najua, kwa sababu povu likipungua mwenye hoteli husema sabuni ni feki. Kwa hiyo beseni langu la kupimia nalo natia viwili.