Plastiki Inayooza Shambani: Uliza Inaozea Wapi

Muuzaji akikuambia kwamba matandazo haya ya plastiki, yaani karatasi nyembamba za kufunika udongo shambani, yanaoza, mwulize papo hapo: yanaozea wapi, na kwa muda gani? Iko plastiki inayoisha kabisa ndani ya lundo la mboji la kiwandani, lenye joto la nyuzi 58 za Selsiasi, lakini ukiifukia shambani utaikuta miaka baadaye karibu vilevile. Asiyeuliza huzika taka kwenye udongo wake akiamini anaurutubisha.

Kuoza ni kuliwa. Maji pamoja na vimeng'enya vya bakteria na kuvu hukata minyororo mirefu ya plastiki iwe vipande vidogo vya kuingia ndani ya seli. Humo hugeuzwa kuwa kabonidayoksaidi, maji na mwili wa bakteria wenyewe. Udongo ukiwa mkavu au wa baridi, kazi hiyo hudorora.

Ndiyo maana aina ya plastiki ni jambo muhimu sana. Ile iitwayo PLA hutokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Hiyo ndiyo inayotaka joto la lundo la kiwandani. Ya pili, PBAT, kwa kawaida hutokana na petroli, na bado viumbe wa udongo huimudu, kwa hiyo matandazo mengi yanayooza ni PBAT iliyochanganywa na wanga au PLA. Ya tatu, PHA, hutengenezwa na bakteria kama akiba ya chakula ndani ya miili yao. Mwanasayansi Mfaransa Maurice Lemoigne alieleza PHA ya kwanza mwaka 1926. Hii huoza udongoni na hata baharini, ila ni ghali. Usidanganywe na asili ya malighafi: polithini iliyotengenezwa kwa miwa haiozi, kama isivyooza ile ya petroli.

Ninayoiogopa zaidi ni polithini iliyotiwa chumvi za metali ili ikatike haraka juani. Mkulima huiona ikipotea na kufurahi, kumbe imesambaratika kuwa chembechembe ambazo hakuna reki itakayozikusanya. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza bidhaa za plastiki ya aina hiyo tangu Julai 2021. Ukisoma kwenye lebo kwamba plastiki "hukatika kwa jua na hewa", iache.

Alama ya kutafuta ni kiwango cha ubora cha Ulaya kiitwacho EN 17033 cha mwaka 2018, kilichowekwa kwa ajili ya matandazo ya kilimo. Kinataka angalau asilimia 90 ya kaboni igeuke kabonidayoksaidi ndani ya miezi 24 kwenye udongo wa maabara, na kinapima pia usalama kwa mimea na minyoo ya ardhini. EN 13432 ni ya vifungashio vinavyopelekwa kwenye mboji ya kiwandani. Haithibitishi lolote kuhusu shamba lako. Kumbuka pia kwamba udongo wa maabara huwekwa katika joto la nyuzi 20 hadi 28 na unyevu wa kutosha. Shamba kavu huchukua muda mrefu zaidi.

Nunua plastiki ya kutosha msimu mmoja tu na uihifadhi kivulini, pakavu, kwa sababu huendelea kudhoofika ikiwa stoo. Itandaze karibu na siku ya kupanda, bila kuivuta sana, maana ni nyembamba na huchanika. Ng'oa ndago kwanza. Vichipukizi vyake hutoboa plastiki kama sindano. Baada ya mavuno, toa mipira ya umwagiliaji wa matone yote, kwani hiyo haiozi, kisha lima plastiki iingie ardhini udongo ukiwa bado na unyevu. Vipande vikiachwa juu hupeperushwa hadi mitoni, au huliwa na mifugo. Viriba vya miche navyo, hata vikiandikwa kwamba vinaoza, vichane kitako wakati wa kupandikiza ili mizizi isibanwe.

Usitarajie mbolea. Plastiki yenye unene wa mikroni 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) iliyofunika hekta nzima haifiki kilo 200, tena ni kaboni bila nitrojeni ya maana. Faida yake ni kukuondolea kazi ya kukusanya na kuchoma polithini, na moshi wake. Palipo na majani makavu ya kutosha, mimi ningetandaza majani. Na usichanganye plastiki inayooza na polithini inayopelekwa kurejelezwa, kwani huharibu mzigo mzima.

Kabla ya kuitumia shamba zima, jaza vipande vya plastiki hiyo vilivyopimwa uzito kwenye vifuko vya wavu mwembamba, vifukie kina cha sentimita 10 na uweke alama. Fukua kimoja kila baada ya miezi 3, osha taratibu, kausha, pima. Uzito usipopungua kwa maana baada ya mwaka, rudi kwenye polithini nene unayoweza kuiondoa yote shambani.