Kupata dola za safari Tanzania bila kuzungushwa: hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo kukusanya dola za safari yake ya kwanza ya Guangzhou, China. Swali alilokuja nalo ndilo ninaloulizwa na karibu kila mtu siku hizi: "Mwanangu, dola si zimepigwa marufuku? Sasa nazipataje bila kukamatwa?" Naandika hapa ili nisirudie maelezo yaleyale kwenye simu.

Hazijapigwa marufuku. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 28, 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu ndani: kodi ya nyumba, ada ya shule, kiwanja, gari la yadi. Kuwa na dola, kuwa na akaunti ya dola na kununua dola za safari ni ruksa. Kinachobanwa ni unanunua kwa nani, kwa kitambulisho gani, na unatoka nazo vipi mpakani.

Hofu yenyewe ina historia. Kabla ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 msafiri alikwenda na ombi lake Benki Kuu, na waliopitia msako wa wahujumu uchumi wa 1983 bado wanashusha sauti wakitaja dola. Baada ya 1992 maduka ya kubadilishia fedha yakajaa mijini. Mwishoni mwa 2018 Arusha, na mapema 2019 Dar es Salaam, ukafanyika msako, mengi yakafungwa, na kazi ikahamia benki. Kanuni za 2023 zilishusha mtaji unaotakiwa na maduka yakaanza kurudi taratibu. Kwa hiyo mjomba akikuelekeza duka fulani la barabara ya Samora, Dar, mshukuru, halafu uulize kwanza kama bado lipo. Utafika ukute wanauza simu.

Hatua ya 1: Amua ni kiasi gani kiwe noti

Hapa ndipo watu wengi wanapojitesa bure. Mtu ana mtaji wa dola 15,000 na anataka zote ziwe noti kwenye pochi ya kiunoni. Za nini?

Pesa ya mzigo itume kwa TT, yaani uhamisho wa benki kwa benki, kutoka benki yako kwenda akaunti ya kampuni inayokuuzia, kwa profoma (ankara ya awali) yenye jina, anwani na namba ya akaunti. Pesa ya matibabu India vilevile: hospitali itakupa makadirio ya gharama na akaunti yake, unatuma moja kwa moja. Muuzaji anayetaka noti tu na hana akaunti ya kampuni mimi namkimbia, hata bei yake iwe tamu namna gani.

Noti ziwe za chakula, usafiri, hoteli ya siku za mwanzo, sampuli na dharura. Zinazobaki ziwe kwenye kadi. Kabla ya safari nenda tawini uhakikishe kadi yako imefunguliwa kwa matumizi ya nje, maana nyingine hufungwa mpaka uombe. Kwa anayekwenda China, baadhi ya benki zetu zinatoa kadi za UnionPay, mtandao wa kadi wa China, na ni vizuri kuwa nayo. Pia pakua Alipay, programu ya malipo ya simu inayotumika China, na uunganishe kadi yako ukiwa bado nyumbani, kwenye laini yako inayopokea ujumbe wa uthibitisho. Ukisubiri ufike, utaomba mtu wa Dar akusomee namba za siri usiku wa manane.

Hatua ya 2: Karatasi

Pasipoti, viza kama nchi inaitaka, tiketi, kitambulisho cha NIDA. Nakala mbilimbili.

Hatua ya 3: Bei

Angalia kiwango cha siku kwenye tovuti ya Benki Kuu, halafu piga simu benki mbili na duka moja lenye leseni. Wewe ndiye unayenunua, kwa hiyo bei inayokuhusu ni ile ya wao *kuuza*. Kuna watu wanasoma safu ya kununua wanafurahi, wakifika dirishani wanahisi wameibiwa.

Usifukuzie shilingi mbili tatu. Kwa dola 3,000, tofauti ya shilingi 15 kwa kila dola ni shilingi 45,000. Hiyo inastahili mguu wa kutoka Kariakoo mpaka Posta. Tofauti ya shilingi 3 ni 9,000, na bodaboda na foleni vitaimaliza. Kusubiri "bei itashuka" nako ni kamari: kati ya 2024 na 2025 dola ilipanda na kushuka kati ya takribani shilingi 2,400 na 2,700, na waliosubiri wengine walicheka, wengine walilia. Ukishakata tiketi, nunua nusu. Nusu nyingine inunue wiki ya safari.

Kama una akaunti ya dola, uliza mapema makato ya kutoa noti. Kuna benki inakupa bei nzuri ya kununua, halafu inajilipa kwenye kutoa.

Hatua ya 4: Weka oda

Tawi kuwa na dola kwenye kompyuta si sawa na kuwa na noti za 100 kwenye kasiki. Piga simu siku mbili tatu kabla, taja kiasi, taja aina ya noti, uliza jina la atakayekuhudumia. Kila benki ina ukomo wake wa ndani kwa mteja wa safari, kwa hiyo uliza na hilo. Wale wa tawi lako, wanaokujua, ndio watakaokusikiliza wakati dola ni adimu, kama ilivyokuwa 2023 na 2024. Asiye na akaunti popote alihangaika kuliko wote.

Na vishoka? Wapo, tena wengine wana maneno matamu: "Bosi, nina mzigo, bei chini ya benki." Bei ikiwa chini ya benki jiulize mwenzako anapata faida wapi. Hana leseni, hana risiti, na noti zake huzijui. Mimi sigusi, na ninayemsaidia akigusa namwachia safari yake.

Hatua ya 5: Dirishani

Sasa tukae. Hii ndiyo hatua inayokula muda, na ndiyo ambayo makosa yake yanaonekana ukiwa umeshavuka bahari.

Ukishapewa noti, usiondoke. Mashine ya keshia imehesabu idadi tu, wewe unakagua kila noti. Watu wa nyuma watanung'unika, waache wanung'unike.

Kwa noti ya dola 100, taka zile zenye mstari wa bluu, zilizoingia kwenye mzunguko Oktoba 2013. Mwaka wa toleo umeandikwa kwa herufi ndogo upande wa mbele, na kwa noti hizi utasoma 2009, 2009A au mwaka wa baadaye. Keshia anaweza kukwambia noti za zamani nazo ni halali. Ana haki: Marekani inatambua noti zake zote kuanzia 1861. Shida ni kwamba mwenye duka la kubadilisha fedha huko uendako hana haja ya kubishana na wewe juu ya sheria za Marekani. Atakurudishia noti, au atakukata bei. Kwa hiyo za zamani, zile zenye picha ndogo ya kichwa, rudisha palepale, kwa upole, bila hotuba.

Kuijua ya kweli hakuhitaji mashine. Shika noti, iinamishe mbele na nyuma ukiangalia mstari wa bluu: vikengele vilivyomo vinageuka kuwa namba 100, na vinasogea. Mstari umefumwa ndani ya karatasi, haukubandikwa juu, upitishie ukucha uone. Pembeni yake kuna kidau cha wino cha rangi ya shaba chenye kengele ndani. Ukiinamisha, kengele inatoka kwenye shaba inakuwa kijani. Inua noti kwenye mwanga, upande wa kulia kuna kivuli cha sura ya Franklin, yule mwenye picha kwenye noti. Mwisho pitisha kidole kwenye bega lake: pana mikwaruzo, si laini kama picha ya gazeti. Ukifanya hivyo kwa noti tano za mwanzo, zilizobaki mkono wenyewe unazijua.

Halafu hali ya noti. Hapa ndipo ninapokuwa mkali, na makeshia wananijua. Kataa iliyochanika hata pembeni kidogo. Kataa yenye gundi. Kataa iliyoandikwa kwa kalamu, hata kama ni tarakimu moja ya mtu aliyekuwa akihesabu mabunda. Kataa iliyogongwa muhuri mdogo wa wabadilishaji wa huko ilikopita, iliyolowa ikakauka, iliyokunjwa mpaka mkunjo umekuwa mweupe. Kwetu sisi noti ya shilingi hupita ikiwa na viraka, ila dola huko nje huangaliwa kama binti anayeposwa. Noti moja ikikataliwa Guangzhou umepoteza siku mbili za chakula.

Omba mchanganyiko. Nyingi ziwe za 100, maana ndizo zinazopata bei nzuri ukibadilisha, kisha chache za 20, 10 na za dola moja kwa ajili ya teksi na wapagazi. Usikubali kufidiwa upungufu wa za 100 kwa bunda la za 5. Ukija kuzirudisha hapa nchini, noti ndogo hununuliwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100.

Bado hujaondoka. Risiti. Isome hapo hapo: tarehe, kiasi cha dola, kiwango, jumla ya shilingi, na jina. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Watanzania majina yetu ni mtihani: pasipoti ina matatu, akaunti ina mawili, benki nyingine ilikuandika kwa jina la mume, na kwenye NIDA herufi "l" imekuwa "r". Ukisimamishwa uwanjani na risiti ya "Mwanaidi Juma" wakati pasipoti inasema kitu kingine, maelezo yanaanza, na ndege haisubiri maelezo. Muombe keshia aandike la pasipoti. Kama majina yanatofautiana kwenye nyaraka zenyewe, pita kwa wakili upate hati ya kiapo wiki kadhaa kabla, usingoje siku ya safari. Piga picha ya risiti, jitumie kwenye barua pepe, halafu ile ya karatasi itenge na pesa. Pochi ikiibwa na risiti iwe imekwenda nayo, umebaki na nini?

Mwisho wa hatua hii: usihesabu pesa mlangoni mwa benki, na usipande bodaboda iliyokuwa inakusubiri bila kuitwa.

Hatua ya 6: Uwanja wa ndege

Ukiwa na dola 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa sarafu nyingine, unatoa tamko forodhani kwa fomu, ukiingia au ukitoka. Inahesabiwa jumla: dola, euro, shilingi, na hati kama hundi. Kutamka hakukatwi kodi. Wanaonyang'anywa ni wale wanaoficha, kwa hiyo ile mbinu ya kugawia watoto na shemeji elfu nnenne kila mmoja iache. Fika mapema, onyesha risiti za benki, chukua nakala yenye muhuri.

Upande wa pili nao wana sheria zao, na ukomo si uleule. China unatamka noti zikizidi dola 5,000. India noti zikizidi dola 5,000, au jumla ya fedha zote za kigeni ikizidi 10,000, na usihangaike kutafuta rupia Dar. Dubai ni zaidi ya dirham 60,000.

Kwa Dubai watu huniuliza wanunue dirham hapa au waende na dola. Nenda na dola. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, na maduka ya mtaa wa Deira yenye ushindani yatakupa karibu na hapo. Ukinunua dirham hapa unalipa faida ya mtu mara mbili.

Hatua ya 7: Zilizobaki

Dola zilizobaki weka kwenye akaunti ya dola au uza kwa mwenye leseni, kwa kitambulisho na risiti kama ulivyonunua. Usimlipe nazo fundi wala mwenye nyumba, hata akikuomba mwenyewe, hizo kanuni za 2025 zinawahusu nyote wawili.

Yuan, fedha ya China, ndizo zenye mtego. Ukibadilisha dola benki ya China, tunza ile karatasi wanayokupa, ni halali kwa miezi 24 kurudishia yuan zilizobaki kuwa dola. Bila hiyo utarudi na bunda la yuan Kariakoo na kumuuzia anayesafiri wiki ijayo, kwa bei atakayotaka yeye.