Kabla hujabonyeza RESET: mambo ya kuzingatia kwenye ruta ya nyumbani

Kwanza jiulize kama kweli unahitaji kuriseti. Intaneti ikiwa nzito au inakatika-katika, chomoa adapta ya ruta, subiri nusu dakika, chomeka. Hapo umeiwasha upya tu, na hakuna kilichofutika. Kile kitundu kidogo cha nyuma kilichoandikwa RESET ni habari nyingine: kinairudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na kila alichopanga fundi kinaondoka. Kama umesahau nywila ya Wi-Fi tu, itazame kwenye simu ambayo tayari imeunganishwa. Riseti pale ulipopoteza nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ulipoinunua mtumba, au unaposhuku kuna mtu kaichezea.

Ukiwa kwenye faiba, jambo linaloliza watu ni hili. Ruta ina nywila tatu, na wengi wanadhani ni moja. Kuna ya Wi-Fi, kuna ya kuingilia kwenye ukurasa wa mipangilio, na kwa kampuni nyingi kuna ya PPPoE, ambayo ruta hujitambulisha nayo kwa mtoa huduma ili ipewe intaneti. Mbili za kwanza ziko kwenye stika chini ya ruta, na ukiriseti zinarudi hizo hizo. Ya tatu haiko kwenye stika. Fundi aliiingiza siku ya kufunga, akakusanya waya zake akaondoka.

Kwa hiyo kisa huwa kile kile. Ni Jumamosi jioni, watoto wa jirani wameshaijua nywila ya Wi-Fi, mwenye nyumba anatafuta pini na kubonyeza. Taa zote zinazima kwa pamoja, zinarudi moja moja. Wi-Fi inaonekana kwa jina la kiwandani, simu inaunganishwa, watu wanashusha pumzi, halafu hakuna ukurasa unaofunguka. Taa ya PON, ile ya waya wa faiba, imetulia kijani, maana yake faiba ni nzima. Taa ya intaneti ndiyo imezima au imekuwa nyekundu. Anabonyeza tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kana kwamba ya kwanza haikukolea. Akipiga huduma kwa wateja anaulizwa namba ya akaunti, na akaunti ilisajiliwa kwa jina la mpangaji aliyehama. Mpaka Jumatatu nyumba nzima inakula bando za simu.

Yote hayo yanazuiwa kwa dakika kumi kabla ya kubonyeza. Ingia kwenye ruta, fungua ukurasa wa WAN (upande wa ruta unaotoka kwa mtoa huduma), upige picha kwa simu: aina ya muunganisho, jina la mtumiaji la PPPoE, namba ya VLAN (namba ya njia anayoitumia mtoa huduma kwenye waya) kama ipo. Nywila itaonekana kama vitone, kwa hiyo picha haitoshi. Pigia mtoa huduma mapema, siku ya kazi, wakupe jina na nywila, na uwaulize kama laini yako imefungwa kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya ruta moja. Baadhi ya ruta zilizotolewa na kampuni hujivutia mipangilio zenyewe baada ya kuriseti. Usibahatishe, uliza. Ruta uliyonunua mwenyewe Kariakoo au Luthuli Avenue haitajivutia chochote. Ruta ya laini ya simu (SIM) ina unafuu: kwa kawaida hutambua APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu, kutoka kwenye laini, ila iandike pembeni hata hivyo.

Kama una ruta ya pili inayosambaza Wi-Fi chumba cha nyuma, jihadhari zaidi. Fundi aliizima DHCP yake, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani za mtandao, ili ruta kuu peke yake igawe. Ukiiriseti, DHCP inawaka tena, na sasa wagawaji ni wawili: simu hii inapata intaneti, ile haipati, na utailaumu kampuni bure. Pengine zote mbili zitajiita 192.168.1.1 na usiweze kuifungua hata moja. Chomoa waya unaoziunganisha kwanza, panga ya pili ikiwa peke yake, ndipo urudishe.

Kubonyeza kwenyewe ni rahisi. Ruta iwe imewashwa, pini ishikiliwe kama sekunde 10 hadi taa zipepese, kisha iache dakika tatu bila kugusa umeme. Unganisha kompyuta kwa waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), si la WAN, na ufungue anwani iliyo kwenye stika: TP-Link nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, Huawei za faiba 192.168.100.1, za laini ya simu 192.168.8.1. Anza na nywila ya kuingilia. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu orodha fupi tu ya nywila za kiwandani, za aina ya admin na admin.

Nywila ya Wi-Fi isiwe namba ya simu. Huku kwetu ndiyo desturi, na ni mbaya. Namba za Tanzania zinaanza na 06 au 07, kwa hiyo kinachobaki kubahatishwa ni tarakimu nane, jumla milioni 200. Mtu akishanasa mawasiliano ya simu yako ikiunganishwa na Wi-Fi, anakwenda kujaribu kwake kwa nafasi. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inajaribu zaidi ya laki moja kwa sekunde, kwa hiyo inamaliza zote ndani ya saa moja. Weka maneno manne au matano yasiyohusiana, jumla herufi 20 au zaidi. Aina ya usalama wa Wi-Fi kwenye mipangilio iwe WPA2 yenye AES, au WPA2/WPA3 kwa pamoja. WPA3 peke yake itazikataa televisheni na printa za zamani. WEP, ulinzi wa kizamani, usiiguse.

Zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN badala ya nywila. PIN yake ina tarakimu nane, lakini mwaka 2011 ilionekana kwamba ruta huikagua nusu kwa nusu, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanaipata, hata nywila yako iwe ndefu namna gani. Zima usimamizi wa kutoka nje (kuifungua mipangilio kupitia intaneti), na UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia njia kwenye ruta, kama hakuna mchezo wa kompyuta unaoihitaji.

Kusasisha programu ya ruta ni lazima, ila si wakati umeme unachezacheza. Ukikatika katikati ya kuandika, ruta inaweza isiwake tena. Tumia UPS (betri ya akiba), na faili liwe la modeli na toleo hilo hilo la stika: V2 na V3 zinaweza kufanana kwa nje huku ndani ni vitu viwili tofauti.

Wageni wape mtandao wa wageni. Kamera na televisheni nazo zihamishie huko, mradi simu yako bado inazifikia. Hifadhi nakala ya mipangilio kwenye flashi, si kwenye simu pekee. Picha ya stika usiiweke kwenye kundi la WhatsApp. Fundi akimaliza kazi, badilisha nywila aliyoiona, hata kama ni shemeji yako. Na siku ukiuza ruta ya zamani, iriseti kabla haijatoka mlangoni, maana humo ndani mna nywila ya Wi-Fi ambayo huenda bado unaitumia, na jina la PPPoE la akaunti unayoendelea kuilipia.