Nyumba iko kando ya mto na upepo mkali unakuja, ufanye nini

Sisi wa Rufiji mafuriko tunayajua toka enzi za mababu, maji yakija unapanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, unasubiri yapungue. Upepo ndo hatujauzoea. Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 bonde letu la mto Rufiji lilikuwa limeshajaa maji toka Aprili, na hapo ndo nikaelewa shida yetu iko wapi: maji yanakutaka upande juu, upepo unakutaka ushuke chini ujifiche nyuma ya ukuta. Vikija pamoja huna pa kukaa. Kwa hiyo kwa mtu wa kando ya mto jambo la kwanza kabisa ni kuamua mapema kama unabaki au unaondoka, na uamuzi huo ufanye mchana, sio saa nane usiku maji yako mlangoni na bati linapiga kelele.

Mimi kipimo changu ni hiki. TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa naanza kujiandaa. Wakisema tahadhari kubwa, au wakitaja kimbunga, na mto tayari umejaa, watoto, wazee na mgonjwa wanaondoka siku hiyo hiyo kwenda kwa ndugu aliye mwinukoni. Kama nyumba yako ni ya miti na udongo usibishane hata kidogo, ukuta ukishaloa unaweza kuanguka hata na upepo wa kawaida.

Angalia na mwezi. Ukiwa mpevu au ukiwa ndo umeandama basi ni bamvua, bahari inajaa kuliko kawaida, na kwa sisi wa karibu na delta, pale mto unapoingia baharini, upepo wa baharini unasukuma maji yaingie mtoni, mto unakosa pa kumwagia, maji yanapanda hata kama kwako haijanyesha tone. Wengi wanaangalia mvua tu halafu wanashangaa maji yametoka wapi. (Na jamani mikoko tuache kuikata, ile ndo inapunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajatufikia.)

Ukiwa bado una siku moja au mbili, panda juu ya paa. Bati linaanza kung'oka pembeni, kwenye ukingo, upepo ukishapata upenyo pale unafunua lote. Ongeza misumari ya bati pembeni, kisha funga kenchi kwenye ukuta au nguzo kwa waya wa kufungia nondo, zungusha mara kadhaa. Mawe juu ya bati usiweke, upepo ukilibeba hilo bati yale mawe yanamwangukia mtu. Nazi zote za mnazi ulio karibu na nyumba angua, matawi makavu ya mwembe kata, ndoo, viti, vipande vya bati vya uani ingiza ndani.

Mtumbwi usiuache umefungwa mtoni. Uvute mpaka juu kabisa, upindue, ufunge kwa kamba mbili kwenye mti wenye shina nene, usifunge kwenye nguzo ya nyumba. Upepo ukishaanza kuvuma mtu asivuke mto, hata kama ng'ombe wako wako ng'ambo.

Chota maji ya kunywa mapema maana kisima kikishaingiliwa na mafuriko kinachanganyika na ya chooni. Chaji simu, weka redio ya betri, vyeti na kadi ya kliniki ya mtoto funga kwenye mfuko wa nailoni. Umeme zima kwenye main swichi.

Ukiwa ndani kaa chumba kidogo cha katikati, mbali na madirisha. Upepo ukikata ghafla usikimbilie nje kuangalia mtumbwi, inawezekana jicho la kimbunga ndo linapita juu yenu, na baada ya muda upepo unarudi kwa nguvu ukitokea upande mwingine.

Asubuhi usiguse waya wowote ulioanguka, hasa uliolala kwenye maji. Tembea na fimbo ndefu, pima chini kabla hujakanyaga, na maji yaliyotuama karibu na nyumba usiyaingie kabla hujayaangalia vizuri maana mamba wanasogea na mafuriko na kiboko anaweza kuwa amelala shambani kwako. Ukimkosa mtu piga 114, zimamoto na uokoaji, halafu mjulishe mwenyekiti wa kijiji.